Uraia wa Ufaransa kwa Nasaba, Kuzaliwa na Ndoa: Haki na Ushahidi Wake

Sheria iliyotangazwa nchini Ufaransa tarehe 12 Mei 2025, ambayo ilikaza masharti ya uraia kwa watoto wanaozaliwa na wazazi wa kigeni katika kisiwa cha Mayotte, iliamsha mjadala wa zamani na kuamsha pamoja nao mkanganyiko wa zamani. Katika visiwa vya Komoro, katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki yenye familia za asili ya Kingazija, na hata miongoni mwa Wafaransa wenyewe, wako walioielewa sheria hiyo kuwa imefuta uraia ambao mtoto huupata kwa sababu tu amezaliwa katika ardhi ya Ufaransa, ilhali uraia wa namna hiyo, kwa mtoto wa wageni wawili waliozaliwa nje, haumo katika sheria ya nchi hiyo. Dhana nyingine mbili huambatana na hiyo: kwamba mwenye babu Mfaransa anaweza kwenda ubalozini akadai pasipoti, na kwamba anayeoa au kuolewa na Mfaransa hupata uraia siku ya ndoa. Kila moja ina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana hazifi.

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko huu ni kuchukulia kuwa na haki na kuweza kuithibitisha kama jambo moja. Katika sheria ya Ufaransa mambo hayo mawili yametengana kiasi kwamba njia iliyo imara zaidi kwa maandishi ya sheria, yaani nasaba, mara nyingi ndiyo inayowashinda watu wengi mbele ya karani.

Mizizi ya sheria yenyewe

Masharti ya uraia wa Ufaransa yamo katika Code civil, yaani mkusanyo wa sheria unaotawala mambo kama ndoa, uzazi na mirathi. Mkusanyo huo ulipotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, Napoleon alipendelea ardhi ya kuzaliwa iwe kigezo, lakini wanasheria walimshinda kwa hoja, na Code civil ya mwaka 1804 ikasimamisha uraia juu ya nasaba ya baba. Mtoto wa Mfaransa alikuwa Mfaransa popote alipozaliwa, na mwanamke wa Kifaransa aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake na kufuata wa mumewe.

Ardhi ilirudi kupitia kambi za jeshi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, vijana waliozaliwa Ufaransa na wazazi wa Kibelgiji au wa Kiitalia waliishi kama wenyeji lakini hawakuitwa jeshini, wakati wenzao wa Kifaransa waliondoka nyumbani kwa miaka kadhaa, jambo lililozua manung'uniko hasa katika mikoa ya mpakani. Sheria ya mwaka 1851, na baada yake kwa nguvu zaidi sheria ya tarehe 26 Juni 1889, ziliamua kwamba anayezaliwa Ufaransa na mzazi ambaye naye alizaliwa Ufaransa ni Mfaransa tangu kuzaliwa, na ile ya 1889 ikaongeza kwamba mtoto wa wageni waliozaliwa nje atakuwa Mfaransa akifikia utu uzima kama bado anaishi nchini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyoua askari wa Ufaransa wapatao milioni 1.4, sheria ya tarehe 10 Agosti 1927 ilimruhusu mwanamke wa Kifaransa kubaki na uraia wake akiolewa na mgeni na pia kumrithisha mwanawe, na usawa kamili kati ya mume na mke katika mambo haya ulikuja kwa sheria ya tarehe 9 Januari 1973. Kwa hiyo anayesikiliza mjadala wa leo, ambao pande zote huuvika joho la falsafa ya taifa, anapaswa kukumbuka kwamba mabadiliko makubwa ya sheria hii yalisukumwa na hesabu za askari na za uzazi.

Nasaba: haki imara, ushahidi mgumu

Kifungu cha 18 cha Code civil ni kifupi kuliko sifa yake: mtoto ambaye angalau mzazi wake mmoja ni Mfaransa ni Mfaransa. Haijalishi kama alizaliwa Nairobi, Muscat au Lubumbashi, wala kama wazazi wake walifunga ndoa. Mtoto huyo haombi uraia na serikali haimpi. Anao tangu kuzaliwa, na hati anayoidai baadaye inatambua tu hali iliyokwisha kuwapo. Sheria haikuweka kikomo cha vizazi, lakini pia haikuruhusu kuruka kizazi. Babu hamrithishi mjukuu, bali humrithisha mwanawe, na huyo ndiye anayemrithisha mtoto wake, hivyo kiungo kimoja kikikatika mnyororo mzima umekatika.

Kiungo hukatika kwa namna kadhaa, na ya kwanza ni wakati. Kifungu cha 20-1 kinasema kwamba uzazi una athari katika uraia pale tu ulipothibitishwa kisheria mtoto akiwa bado hajafikia utu uzima, kwa hiyo baba Mfaransa anayemkubali mwanawe akiwa na umri wa miaka 25 anaweza kumpa jina na urithi, lakini uraia hampi. Wanaotegemea vipimo vya vinasaba kujaza pengo hili hukwama mara mbili, kwa kuwa hata kama matokeo ni sahihi muda umepita, na kwa kuwa nchini Ufaransa kipimo cha kutafuta uzazi hakiruhusiwi pasipo amri ya hakimu. Vivyo hivyo, malezi ya kafala, ambayo katika sheria ya Kiislamu humkabidhi mtoto kwa mlezi bila kumpa nasaba, hayamfanyi mtoto kuwa Mfaransa kwa mlezi wake. Yanaweza tu kumfungulia njia ya kutoa tamko la kuomba uraia ikiwa analelewa na Mfaransa nchini Ufaransa kwa muda wa kutosha.

Namna ya pili ni karatasi. Kifungu cha 30 kinamtwika mzigo wa uthibitisho yule anayedai kuwa Mfaransa, isipokuwa kama tayari ana certificat de nationalité française, hati ya uraia inayotolewa na ofisi ya mahakama. Mwenye hati hiyo amegeuza mizani, kwa sababu sasa ni serikali inayotakiwa kuthibitisha kwamba si Mfaransa. Asiye nayo lazima alete vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vya kila kizazi, na kifungu cha 47, ambacho kwa kanuni kinavikubali vyeti vya nchi za nje vilivyoandikwa kwa taratibu za huko, kinamruhusu karani kuvikataa akiona dalili kwamba si halali au havielezi ukweli. Tofauti ndogo za tahajia ya jina, tarehe iliyofutwa na kuandikwa upya, au usajili uliofanywa miaka mingi baada ya kuzaliwa huweza kuangusha madai ambayo kwa ukweli wa mambo ni sahihi.

Wanaotetea ukali huu wana hoja isiyopuuzwa: hati za kughushi zipo, na cheti kimoja cha uongo huzaa raia wa vizazi vyote vinavyofuata. Hata hivyo, hoja hiyo haisemi chochote juu ya nani alisababisha usajili kuwa dhaifu. Katika Komoro ya ukoloni, wenyeji wengi waliwekwa chini ya hadhi ya kiraia ya mahali, yaani ndoa na uzazi wao ulifuata sheria za Kiislamu na kadhi, na majina yao hayakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Kifaransa, ila jina la mtu likifuatiwa na la baba yake. Huko Mayotte penyewe serikali ililazimika kuunda mwaka 2000 tume maalumu ya kurekebisha kumbukumbu za usajili, na tume hiyo ilifanya kazi kwa takriban mwongo mzima. Dola iliyohitaji miaka yote hiyo kupanga vitabu vyake katika kisiwa kimoja inamdai mwanakijiji wa Ngazija alete vyeti vya babu yake vikiwa havina doa.

Kizuizi kingine ni cha muda mrefu wa ughaibuni. Kwa kifungu cha 30-3, mtu ambaye wahenga wake Wafaransa wameishi nje kwa zaidi ya nusu karne haruhusiwi kuthibitisha uraia kwa nasaba ikiwa yeye na mzazi anayemtegemea hawakuwahi kuishi kama Wafaransa machoni pa dola, yaani kuwa na pasipoti, kuandikishwa katika ubalozi mdogo, kupiga kura au mambo ya namna hiyo. Sheria imeacha upenyo: aliyezuiwa hivyo anaweza kudai uraia kwa tamko akionyesha uhusiano wa dhahiri na Ufaransa wa kifamilia, kikazi au kitamaduni. Upenyo huo ni mwembamba, lakini upo.

Linalobaki ni kosa linaloenea zaidi katika ukanda huu, la kudhani kwamba babu aliyeishi chini ya bendera ya Ufaransa alikuwa raia kwa maana inayorithishwa leo. Hadi sheria ya tarehe 7 Mei 1946, inayojulikana kwa jina la mbunge wa Senegal Lamine Guèye, wakazi wengi wa makoloni walikuwa watawaliwa wasio na haki za raia, na walipozipata, uhuru wa nchi zao uliwaondolea wengi wao utaifa wa Kifaransa isipokuwa waliotimiza masharti maalumu. Komoro ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, wenye hadhi ya kiraia ya mahali katika visiwa vilivyoondoka walipewa muda mfupi tu wa kutoa tamko la kuhifadhi uraia wao, na ambaye mzazi wake hakutoa tamko hilo kwa kawaida hana cha kurithi. Kwa wenye asili ya Kongo ya Kinshasa, Burundi na Rwanda jambo ni rahisi zaidi kwa njia ya kusikitisha, kwani nchi hizo zilitawaliwa na Ubelgiji, na lugha ya Kifaransa haikuambatana na utaifa wa Kifaransa.

Kuzaliwa: ardhi pamoja na muda

Kuzaliwa Ufaransa kunatoa uraia papo hapo katika hali chache. Hali kuu ni ile iliyorithiwa kutoka karne ya 19, ambapo mtoto na mzazi wake mmoja wote wamezaliwa Ufaransa, na nyingine zinamlinda mtoto ambaye wazazi wake hawajulikani au hawana utaifa wowote. Mtoto wa wageni wawili waliozaliwa nje huzaliwa akiwa mgeni. Akifika umri wa miaka 18 anakuwa Mfaransa bila kuomba, iwapo siku hiyo anaishi Ufaransa na amekuwa na makazi yake huko kwa jumla ya miaka 5 tangu alipokuwa na umri wa miaka 11. Anaweza kudai mapema mwenyewe akiwa na miaka 16, na wazazi wanaweza kuudai kwa niaba yake akiwa na miaka 13 kama ameishi huko tangu umri wa miaka 8.

Mpangilio huu umeshambuliwa kutoka upande wa wanaosema kwamba uraia usiingie mwilini mwa mtu akiwa usingizini. Tume iliyoongozwa na Marceau Long mwishoni mwa miaka ya 1980 ilipendekeza kijana atamke nia yake, na sheria ya tarehe 22 Julai 1993 ikalifanya tamko hilo kuwa sharti kati ya umri wa miaka 16 na 21. Uzuri wa wazo ni kwamba linaheshimu hiari. Udhaifu wake ulijitokeza katika utekelezaji, kwani waliokosa uraia ni pamoja na wale ambao hawakuelezwa, ambao nyumbani hawakuwa na mtu wa kuwaongoza, au waliodhani tayari ni Wafaransa. Sheria ya tarehe 16 Machi 1998 ilirudisha utaratibu wa kupata bila kuomba. Bunge lilijaribu tena kulirejesha tamko la nia katika sheria ya uhamiaji, lakini Baraza la Katiba lililifuta tarehe 25 Januari 2024 kwa kasoro ya utaratibu wa kutunga sheria, bila kusema kwamba wazo lenyewe linapingana na Katiba, hivyo suala hilo limeahirishwa tu.

Mayotte: kisiwa chenye masharti yake

Mayotte, ambayo wenyeji huiita Maore, ilipiga kura ya kubaki na Ufaransa katika kura ya maoni ya Desemba 1974 wakati visiwa vitatu vingine vya Komoro vilichagua uhuru, na tarehe 31 Machi 2011 ikawa wilaya ya 101 ya Ufaransa. Nzwani, kimojawapo cha visiwa hivyo, iko umbali wa kilomita zipatazo 70 tu, na kabla ya viza kuwekwa mwaka 1995 watu walivuka kwenda kwa ndugu, sokoni na hospitali. Leo wanavuka kwa boti ndogo ziitwazo kwassa-kwassa, na wengi wamekufa maji. Takriban nusu ya wakazi wa kisiwa ni wageni kwa mujibu wa takwimu rasmi, na mwaka 2022 pekee watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa huko.

Sheria ya tarehe 10 Septemba 2018 iliweka sharti kwamba mtoto aliyezaliwa Mayotte na wageni ataweza kunufaika na kuzaliwa kwake, atakapofika umri unaotakiwa, ikiwa tu siku ya kuzaliwa mzazi wake mmoja alikuwa akiishi Ufaransa kihalali na mfululizo kwa zaidi ya miezi 3. Sheria ya Mei 2025 iliongeza ukali: wazazi wote wawili, na mwaka mzima. Baraza la Katiba lilizipitisha zote mbili, likitegemea kifungu cha 73 cha Katiba kinachoruhusu sheria kurekebishwa kulingana na hali ya pekee ya maeneo ya ng'ambo.

Hoja ya watetezi ni kwamba matarajio ya uraia yanawavuta wanawake kuvuka bahari wakiwa wajawazito, na kwamba shule, maji na hospitali ya kisiwa kidogo haviwezi kubeba mzigo huo. Upande wa pili unajibu kwamba mama anayehitaji daktari au anayekimbia umaskini hafuati karatasi ambayo mwanawe ataiona baada ya miaka 13 au 18, na kwamba sheria hizi zinalimbikiza vijana waliozaliwa na kusomea kisiwani bila kuwa na hadhi yoyote. Serikali ya Komoro inaongeza pingamizi la aina nyingine, kwamba Mayotte ni sehemu ya Komoro, kwa hiyo Mnzwani hawezi kuitwa mgeni huko, na maazimio ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa yaliunga mkono dai hilo.

Kwa kupima, hoja ya mzigo wa huduma ni ya kweli lakini dawa yake imewekwa mahali pasipo na ugonjwa, maana sharti la 2018 lilikuwapo kwa miaka 6 na mashua hazikupungua kiasi cha kuifanya serikali iridhike. Ndiyo maana ilirudi bungeni kudai sharti kali zaidi. Gharama ya kikatiba nayo si ndogo. Jamhuri inayojiita isiyogawanyika sasa ina sheria mbili za uraia kulingana na hospitali ambamo mtoto alizaliwa.

Ndoa: tamko linaloweza kupingwa

Kifungu cha 21-1 kinasema waziwazi kwamba ndoa yenyewe haina athari katika uraia. Inachotoa ni nafasi ya kutoa tamko baada ya miaka 4, au 5 kama mgeni hajaishi Ufaransa kihalali kwa miaka 3 mfululizo tangu ndoa na mwenzi wake hakuwa ameandikishwa katika daftari la Wafaransa waishio nje. Wanandoa lazima wawe bado wanaishi pamoja kwa mapenzi na kwa hali, mwenzi awe amebaki Mfaransa muda wote huo, na mwombaji aonyeshe ujuzi wa lugha.

Mengi huharibika mapema. Ndoa iliyofungwa na sheikh mjini Paris bila kupita kwa meya haina uzito wowote kisheria, ilhali ndoa ya Kiislamu iliyofungwa Mombasa au Unguja kwa taratibu za nchi inaweza kutambuliwa, mradi iingizwe katika vitabu vya usajili vya Ufaransa kupitia ubalozi. Serikali ina miaka 2 ya kulipinga tamko kwa kukosa staha au kutojumuika na jamii, na ndoa ya wake wengi imetajwa kwa jina katika sheria kuwa sababu. Wanandoa wakitengana ndani ya miezi 12 baada ya tamko kusajiliwa, sheria inadhania kwamba kulikuwa na udanganyifu. Lengo la kuzuia ndoa za karatasi linaeleweka, ila dhana hii humweka mwenzi anayeteswa nyumbani katika hali ngumu ya kuchagua kati ya kuondoka na kuhifadhi hadhi yake.

Wasio na mojawapo ya njia hizo

Wengi hatimaye huenda kwenye tajnisi, yaani uraia unaotolewa na serikali kwa hiari yake baada ya makazi ya kawaida ya miaka 5. Tangu tarehe 1 Januari 2026 mwombaji anatakiwa kujua Kifaransa kwa kiwango cha B2 katika ngazi za lugha za Ulaya, badala ya B1 ya awali. Raia wa nchi ambazo Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi, ambazo ni pamoja na Kongo, Burundi na Rwanda, wana msamaha ambao wengi hawaujui: aliyesoma angalau miaka 5 katika shule zinazofundisha kwa Kifaransa hadaiwi idadi ya miaka ya makazi, ingawa lazima awe anaishi Ufaransa na uamuzi unabaki mikononi mwa serikali.

Mizani

Zikipangwa kwa uimara wa ushahidi, njia iliyo salama zaidi ni ya kuzaliwa Ufaransa na mzazi aliyezaliwa Ufaransa, kwa sababu vyeti viwili kutoka ofisi za Kifaransa vinatosha. Kinachofuata ni nasaba ya kizazi kimoja iliyosajiliwa ubalozini mtoto akiwa mdogo. Ndoa hukamilika kwa wanaovumilia, lakini hubaki na kivuli cha kupingwa. Nasaba ya babu na bibi, ambayo ndiyo inayozungumzwa zaidi vibarazani, ndiyo inayoanguka zaidi.

Kuna pia bei inayolipwa upande wa pili. Ufaransa inaruhusu uraia wa nchi mbili, na Kenya inaukubali tangu Katiba ya 2010, lakini Tanzania haiukubali kwa mtu mzima, na Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema kwamba utaifa wa Kikongo hauchangamani na mwingine. Mtanzania anayethibitisha nasaba ya Kifaransa anathibitisha wakati huohuo kwamba alikuwa na utaifa wa pili tangu kuzaliwa, swali ambalo ni busara kulitafutia ushauri kabla ya kuwasilisha maombi.

Mzazi Mfaransa aishiye Afrika Mashariki mwenye mtoto aliye chini ya miaka 18 ndiye mwenye sababu kubwa ya kuharakisha: amsajili ubalozini mwaka huu, kwa kuwa uzazi usiothibitishwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18 hauwezi tena kumpa uraia.